Siku ya sita ni mapema mno: kisa cha kipimo cha herpesi Dodoma

Karatasi ambayo mpima ardhi mmoja wa Dodoma alitoka nayo maabara tarehe 13 Agosti ilikuwa na mistari minane, na saba kati yake hakuisoma. Aliuona mmoja tu: HSV 1/2 IgG, yaani kipimo cha damu cha herpesi, virusi vinavyotoa vipele vya maji na vidonda mdomoni au sehemu za siri, na mbele yake POSITIVE kwa herufi kubwa. Mhudumu alimwambia, "Kaka, unayo, ila usiogope, dawa zipo." Siku sita kabla ya hapo alikuwa amelala na mwanamke asiye mke wake. Akaunganisha usiku ule na karatasi ile, akatoka nje ameshajihukumu.

Karatasi haikusema hivyo, wala isingeweza kusema. Kisa hiki kimeshonwa kutokana na hali zinazojirudia, na mhusika wake si mtu mmoja anayeweza kutambuliwa. Makosa yaliyomo, lakini, hutokea karibu kila mara mtu anapokimbilia kupima herpesi kwa damu baada ya tukio: kipimo kisichofaa, siku isiyofaa, na hofu iliyoelekezwa kwenye ugonjwa ambao haukuwa wa kwanza kuogopwa.

Yaliyotokea

Mhusika ana miaka 32, mpima ardhi, kazi zake nyingi ziko juani upande wa Mtumba. Anaishi Nkuhungu na mke wake, mjamzito wa mimba ya kwanza. Usiku wa 7 Agosti, mkesha wa Nanenane, alitoka kwenye viwanja vya maonesho Nzuguni akiwa na mwanamke waliyefahamiana siku hiyohiyo, wakaishia gesti. Mwanamke alimfanyia kwa mdomo kwa dakika chache bila kondomu. Tendo la ukeni lilikuwa na kondomu, lakini walipomaliza walikuta imepasuka.

Tarehe 12 ukaja ujumbe kwenye simu: "Mambo. Samahani, kile kidonda cha mdomo nimeenda kuangaliwa wameniambia ni herpesi. Jiangalie na wewe." Kesho yake asubuhi alikuwa maabara ya mtaani, akauziwa kifurushi cha TORCH. Kifurushi hicho kimekusudiwa hasa wajawazito: kinaangalia toksoplazma, rubela, sitomegalo na herpesi, kila kimoja kwa aina mbili za kingamwili, IgG na IgM. Kwa mwanamume mwenye swali la usiku mmoja hakina kazi. Akapitia duka la dawa, akanunua vidonge na krimu ya asikloviri, ile ambayo kwenye pakiti imeandikwa Aciclovir.

Alipofika kwa daktari siku iliyofuata alikuwa ameshameza vidonge vitano. Jambo moja jema aliingia nalo: tangu usiku ule hakuwa amekutana kimwili na mkewe.

Damu ya siku ya sita inazungumzia nini

Kipimo cha damu cha herpesi hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na kirusi, na mwili huchukua muda wake. Kingamwili za IgG za herpesi huanza kuonekana kwa baadhi ya watu wiki ya pili au ya tatu. Kwa wengi huwa zimefika kiwango cha kupimika ifikapo wiki ya 12, na wachache huchelewa hadi wiki ya 16. Siku ya sita bado hakuna kitu cha kupima. Kwa hiyo IgG ikionekana siku ya sita, imetoka kwenye maambukizi ya zamani. Yaweza kuwa ya mwaka jana, yaweza kuwa ya utotoni, lakini si ya juma lililopita. Majibu yaliyomtoa jasho ndiyo yaliyokuwa ushahidi kwamba alichokionesha kipimo hakikutoka gesti.

La pili ni ile alama ya mkwaju kati ya 1 na 2. Virusi vya herpesi vya namna hii viko viwili. HSV-1 hukaa zaidi mdomoni, na wengi huipata wakiwa watoto kwa mate na mabusu ya ndugu. HSV-2 hukaa zaidi sehemu za siri na hupatikana kwa kujamiiana. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wenye HSV-1 ni takriban 64 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 50 duniani, na wenye HSV-2 ni takriban 13 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 49. Afrika ndiyo yenye mzigo mkubwa zaidi wa HSV-2, na HSV-1 huku watu huipata mapema. Kipimo kinachochanganya aina zote mbili, ukimpima mtu mzima yeyote pale stendi, uwezekano mkubwa kitasoma chanya. Jibu ambalo karibu kila mtu angelipata halimwambii mtu lolote.

Kulikuwa na swali moja ambalo maabara hawakuliuliza, nalo halina gharama: umewahi kutokwa na vidonda mdomoni? Amewahi. Tangu shule ya msingi, kila akiugua malaria, pembeni ya mdomo hutoka vipele vya maji vinavyopasuka na kuganda. Nyumbani kwao walisema homa inatoka. Ukubwani humtokea pia akishinda juani siku kadhaa mfululizo. Hiyo ndiyo HSV-1, na jua kali ni miongoni mwa vitu vinavyoiamsha, sawa na homa na uchovu. (Kwa Dodoma kuna cha kuchanganya hapa. Upepo mkavu wa Juni hadi Agosti hupasua midomo ya kila mtu, na mdomo uliopasuka kwa ukavu si herpesi. Herpesi huanza kwa kuwasha au kuchoma sehemu moja, kisha vipele vidogo vyenye maji hukaa kwa kundi.)

Sasa rudi kwenye ujumbe wa simu. Mwanamke alikuwa na herpesi ya mdomo, ambayo kwa kawaida ni HSV-1, na njia iliyotiliwa shaka ni mdomo wake. Mtu ambaye tayari ana HSV-1 tangu utotoni ana kinga dhidi ya aina hiyohiyo, na kuipata upya mahali pengine mwilini ni nadra. Lile neno POSITIVE, lingesomwa na mtu anayejua, lilikuwa habari ya kumpunguzia hofu.

IgM yake ilikuwa hasi, lakini hata ingekuwa chanya isingebadilisha kitu. IgM ya herpesi haitenganishi aina mbili, huweza kujitokeza wakati ugonjwa wa zamani unapojirudia, na mara nyingine husoma chanya bila sababu. Kuna maabara zinaitangaza kama kipimo cha maambukizi mapya. Usiilipie.

Hatari yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani

Kilichobaki ni HSV-2 kwa njia ya uke. Tuchukulie upande mbaya kabisa, kwamba mwanamke anayo. Utafiti wa wenza uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulipata maambukizi 8.9 kwa kila matendo 10,000 kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke, na 1.5 kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamume. Wale walikuwa wenza wa muda, na huku kwetu kasi ya maambukizi ni kubwa zaidi, kwa hiyo namba hiyo isichukuliwe kama kipimo cha dukani. Lakini hata ukiizidisha mara kumi, unapata watu 15 kati ya 10,000 kwa tendo moja.

Kondomu ingemsaidia kama isingepasuka. Kwa wenza wa Afrika Mashariki na Kusini waliofuatiliwa, ilipunguza HSV-2 kwa 96% kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke, ila kwa 65% tu kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamume. Sababu ya tofauti hiyo ukiifikiria iko wazi: kondomu inafunika kile kinachotoa virusi upande wa mwanamume, lakini haifuniki shina la uume, korodani na kinena chake, na herpesi huingia kupitia ngozi inayosuguana na ngozi. Yeye alipita jando, nalo limo kwenye hesabu: jaribio lililofanyika Uganda lilionesha tohara inapunguza uwezekano wa mwanamume kupata HSV-2 kwa takriban 28%. Inapunguza, haizuii.

Watu wengi hukosea wakidhani bila kidonda hakuna hatari. Mwenye HSV-2 hutoa virusi kwenye ngozi hata akiwa mzima kabisa kwa macho: kwa wanaojua dalili zao, karibu siku 20 kati ya kila 100, na kwa wasiowahi kuona dalili yoyote, karibu siku 10. Ndiyo maana wengi wanaoambukiza hawajui kama wanayo. Kwa upande mwingine, kirusi hiki hakidumu nje ya mwili. Choo cha gesti, taulo na ndoo ya kuogea havimo kwenye hesabu.

Kilichosahaulika

Hapa ndipo kisa kinauma. Kondomu ilipasuka usiku wa 7 Agosti. Dawa kinga ya VVU, PEP, lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Dirisha lile lilifungwa usiku wa tarehe 10, siku mbili kabla ya ujumbe wa herpesi kumshtua. Siku tatu nzima alikuwa na sababu ya kwenda kituo chenye kliniki ya CTC, ile ya huduma za VVU, na hakwenda, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kinamuuma. Kisha akapoteza fedha na usingizi kwa ugonjwa ambao uwezekano wake ulikuwa mdogo na ambao hauui mtu mzima mwenye afya.

Daktari alianza na hayo. Tarehe 14 alipimwa VVU, kaswende na homa ya ini B, vyote hasi. Majibu hayo ni ya mwanzo tu, yanaonesha alivyokuwa kabla. VVU hurudiwa wiki ya 6, yaani 18 Septemba, na kufungwa miezi 3, tarehe 30 Oktoba. Kaswende inaweza kuchukua siku 10 hadi 90 kujitokeza, hivyo nayo ilipangwa tarehe zilezile. Chanjo ya homa ya ini B alianzishiwa palepale. Kisonono na klamidia ziliangaliwa kwa mkojo.

Aliambiwa pia ampigie yule mwanamke, amshukuru kwa ujumbe, kisha amuulize kama amepima VVU karibuni na kama yuko tayari kupima tena. Swali hilo lina thamani kuliko kifurushi chote cha TORCH. Na kumshukuru hakukuwa adabu tupu, maana wengi wangenyamaza.

Vidonge aliachishwa. Hakuna dawa kinga ya herpesi inayotambulika ya kumeza baada ya tukio, na asikloviri ikimezwa mapema inaweza kuchelewesha kingamwili, ukafika wiki ya 12 na kipimo kisichosomeka vizuri. Krimu ina faida ndogo hata kwa mwenye kidonda. Kidonda halisi kikitokea ndipo vidonge vina kazi: miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 7 hadi 10, vikianza mapema bila kusubiri majibu ya maabara.

Kalenda ya mke

Usiku wa 7 Agosti mimba ilikuwa na wiki 29. Tarehe ya matarajio: 23 Oktoba. Kipimo cha IgG kinachoaminika kwa tukio lile: wiki ya 12, yaani 30 Oktoba. Mtoto angezaliwa juma moja kabla ya damu ya baba kuwa na la kusema.

Hili ndilo lililoamua kila kitu. Mjamzito mwenye herpesi ya zamani ameshatengeneza kingamwili na kumpitishia mtoto kupitia kondo, na uwezekano wa kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua ni chini ya 1%. Mjamzito anayeambukizwa kwa mara ya kwanza miezi mitatu ya mwisho hana muda huo. Kwake uwezekano ni kati ya 30% na 50%, na herpesi ya mtoto mchanga hushambulia ubongo, ini na mapafu. Uamuzi wa aina hiyo hausubiri kipimo. Kwa hiyo hakuna kujamiiana, ukeni wala kwa mdomo, mpaka mtoto azaliwe na mama apone. Kondomu ingefaa kwa wenza wengine. Hapa daktari hakuona sababu ya kubahatisha kwa wiki kumi na moja.

Kuhusu kumwambia mkewe, kuna wanaume ambao wangetumia desturi ya binti kwenda kujifungulia kwao ili swali lisiulizwe. Desturi ingezuia tendo lakini isingefikisha taarifa kliniki, na mkunga anayempokea mama anahitaji kujua kama kuna mashaka ya herpesi ili aangalie kwa makini kama kuna kidonda au dalili za kuchoma uchungu unapoanza. Kidonda kikiwapo, upasuaji ndiyo njia ya kumtoa mtoto. Mke pia alipaswa kurudia VVU na kaswende. Vile vipimo vilivyo kwenye kadi yake ya hudhurio la kwanza vilieleza hali ya miezi mitano nyuma. Kurudia vipimo hivyo miezi ya mwisho ni jambo la kawaida na mjamzito yeyote anaweza kuliomba. Mume alizungumza mwishoni mwa Agosti, muuguzi mshauri akiwapo. Hayakuwa mazungumzo mepesi.

Kipele cha siku ya tisa

Tarehe 16 alirudi mbio. Kipele kinenani.

Dalili za herpesi ya mara ya kwanza hutokea siku 2 hadi 12 baada ya kuambukizwa, mara nyingi siku ya nne hivi, kwa hiyo siku ya tisa haikuwa ya kupuuzwa. Lakini kipele kilikuwa kimoja, kigumu, chenye usaha mweupe juu, na unywele umepita katikati yake. Siku mbili nyuma alikuwa amenyoa kwa wembe mkavu ili ajikague vizuri. Herpesi isingekuja hivyo. Ingeanza na kuchoma au kuwasha, kisha vipele kadhaa vya maji juu ya ngozi nyekundu, vinavyopasuka ndani ya siku mbili tatu na kuacha vidonda vya juujuu vinavyouma sana mkojo ukivigusa. Mara nyingi mitoki ya kinena huvimba, na mara ya kwanza huweza kuja na homa.

Kama ingekuwa hivyo, damu isingehusika kabisa. Kipimo cha kidonda kibichi ni PCR ya majimaji yake, kinachotafuta kirusi chenyewe, ikichukuliwa ndani ya saa 48 hadi 72 tangu kipele kitoke. Kipele hutobolewa kwa sindano safi, kijiti chenye ncha ya nyuzi za plastiki, si pamba kwenye mti, huzungushwa kwa nguvu kidogo kwenye sakafu ya kidonda, kisha huingizwa kwenye kichupa cha majimaji ya kuhifadhia virusi na kusafirishwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Mgonjwa akisema haikuuma hata kidogo, huenda sampuli haikuchukuliwa ipasavyo. Kidonda kilichokauka gamba, au kilichopakwa krimu mchanganyiko za dukani zenye steroidi, hutoa majibu hasi ya uongo. Na majibu hasi ya kijiti hayamaanishi mtu hana herpesi. Yanamaanisha haikuonekana pale siku ile. Penye kidonda sehemu za siri, kaswende hupimwa na kutibiwa sambamba hata kama macho yanasema herpesi.

Kupima kwa maana

Ilikubaliwa kupima upya kwa kipimo kinachotenganisha aina, kile kinachotumia glikoprotini G, protini iliyo tofauti kwa kila kirusi. Kabla ya kutoa damu aliagizwa aulize maabara mambo matatu: ni IgG peke yake, HSV-1 na HSV-2 zinatolewa kila moja kwa mstari wake, na karatasi itaandika namba, yaani indeksi, badala ya neno chanya au hasi tu? Maabara isiyoweza kujibu la tatu haikufai. Damu yenyewe ni mililita 3 hadi 5 za mshipani, bila haja ya kufunga kula. Kama maabara ya hapa inaituma Dar es Salaam, ulizia majibu yanarudi baada ya siku ngapi ili usilale na simu mkononi.

Sampuli ya kwanza ilichukuliwa 20 Agosti, siku ya 13, bado mapema. Kwa makusudi. Ilihitajika namba ya kulinganishia, picha ya damu yake kabla ya tukio lile kuweza kuacha alama ya kutosha. Ikarudi hivi: HSV-1 6.2, HSV-2 1.3. Kwa vifaa vingi vya aina hii, chini ya 0.9 ni hasi, 0.9 hadi 1.1 ni katikati, na juu ya 1.1 karatasi inaandika chanya. Ikaandika chanya zote mbili.

Mtego wa pili ndio huo, na ni mbaya kuliko wa kwanza kwa sababu umevaa nguo za kitaalamu. Indeksi ya HSV-2 kati ya 1.1 na 3.0 ni eneo la mashaka. Majibu mengi ya humo, yakirudiwa kwa njia nyingine, huonekana hayakuwa kweli. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 unataka majibu yaliyo chini ya 3.0 yathibitishwe kwa kipimo cha pili cha aina tofauti. Kwa Afrika Mashariki tatizo ni kubwa zaidi: tafiti za Uganda zilikuta vipimo hivi vinasoma chanya kupita kiasi kwa damu za huku, na zikapendekeza kizingiti kipandishwe. Mtu wa Dodoma mwenye 1.3 anayeambiwa "unayo HSV-2" ameambiwa jambo ambalo kipimo chenyewe hakina uhakika nalo.

Tarehe 30 Oktoba, maabara ileile, kifaa kilekile: HSV-1 6.0, HSV-2 1.4. Tofauti ya 0.1 ni mtikisiko wa kifaa. Maambukizi mapya yangeipandisha namba waziwazi kati ya siku ya 13 na wiki ya 12. Bila ile sampuli ya Agosti, 1.4 ingeonekana kama zao la usiku wa Nanenane. Ikiwapo, ni wazi namba ilikuwa hapo kabla. Kipimo cha pili cha aina tofauti kilitoa HSV-2 hasi. Kama kingetoa chanya, ingemaanisha HSV-2 ya zamani, na mazungumzo na mkewe yangegeukia miaka ya nyuma badala ya Agosti. Kwa anayetaka neno la mwisho kabisa kuna Western blot, kipimo cha kuthibitisha kingamwili, inayojulikana zaidi kwa kufanyika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Kwa namba hizi hapakuwa na haja ya kusafirisha damu hadi huko. Kwa vile alimeza zile dozi chache mwanzoni, alirudia mara moja zaidi 27 Novemba, wiki ya 16. HSV-2 1.3.

VVU na kaswende vilikuwa hasi tarehe zote mbili, kwake na kwa mkewe. Laiti HSV-2 ingethibitika, VVU ingebaki kwenye mazungumzo, kwa sababu mwenye HSV-2 ana uwezekano wa kama mara tatu wa kupata VVU anapokutana nayo. Mtu angefikiri basi asikloviri ya kila siku ingemkinga. Ilijaribiwa hapahapa Tanzania, kwa wanawake wa Kanda ya Ziwa, miligramu 400 mara mbili kwa siku, na majibu yaliyochapishwa 2008 yalionesha haikupunguza maambukizi ya VVU. Kwa mwenye HSV-2 dozi hiyo inapunguza vidonda kujirudia, na dawa ya kundi lake, valasikloviri miligramu 500 kwa siku, imeonesha kupunguza kumwambukiza mwenza kwa karibu nusu.

Mdomo wa baba

Mtoto alizaliwa 19 Oktoba kwa njia ya kawaida, mama akiwa hana kidonda. Mwezi uliofuata mume alikuwa na siku nne za kazi juani Mtumba, na usiku wa siku ya nne kona ya mdomo ikaanza kumchoma.

Miezi yote ile hofu ilikuwa kwenye HSV-2 ambayo hakuwa nayo. HSV-1 aliyokuwa nayo tangu utotoni ndiyo sasa ilikuwa nusu mita kutoka kwa mtoto wa wiki chache. Mtoto mchanga, hasa wiki sita za mwanzo, anaweza kupata herpesi kwa busu la mtu mwenye kidonda mdomoni, na kwake ugonjwa ni uleule hatari. Mama naye aliwahi kutokwa na vidonda hivyo, kwa hiyo mtoto ana sehemu ya kingamwili zake, lakini hiyo si tiketi. Alielekezwa kuanza asikloviri mdomo unapoanza kuchoma, asimbusu mtoto wala kumpulizia usoni, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, asiguse kidonda halafu akamfuta macho, na avae barakoa akimbeba hadi gamba lidondoke lenyewe na ngozi ya chini iwe kavu. Bibi wa mtoto, aliyekuja kutoka Kondoa kumsaidia mzazi, akaambiwa vivyo hivyo, maana naye homa humtoka mdomoni.